Wimbo wa Bibi Yako Redioni

Sekei, Jumapili jioni

Nembris mwanangu,

Nimekasirika, na sitaki upande basi kesho ukidhani hasira imekwisha kwa sababu leo nimekupikia ndizi na nyama na nimecheka na shangazi zako waliokuja kukuaga. Nilicheka kwa ajili ya wageni. Sasa wameondoka. Wewe uko chumbani unapanga begi na kulipangua, baba yako anasikiliza taarifa ya habari, na mimi nimekaa mbele ya kompyuta ambayo sijaiwasha. Ninaandika kwa kalamu. Mashine hii nimeichoka.

Mambo ya kula vizuri, ya kufunga mlango wa bweni, ya watu wa kuwaogopa huko Dar es Salaam, sitayaandika. Umeyasikia tangu hujaota meno ya pili, na shangazi zako wameyarudia leo mpaka chai ikapoa. Mimi nataka kuandika juu ya wimbo. Tangu siku ile tumeuzunguka humu ndani kama watu waliochimbiwa shimo sebuleni. Ukitaka kusema, mimi napiga kelele. Nikitaka kusema mimi, wewe una maandalizi ya chuo. Sasa hapa huwezi kunikatiza, na mimi siwezi kupiga kelele. Basi soma.

Unajua nilivyoipata kompyuta hii, lakini hujui nilivyokuwa na hasira siku niliyoileta. Nilikuwa mpiga chapa wa shirika tangu kabla hujazaliwa. Mikono yangu ndiyo iliyoandika barua zote za mameneja, na wengi wao walikuwa hawajui hata koma inawekwa wapi. Shirika lilipouzwa, wenye mali wapya walikuja na wasichana wawili wa umri wako na meza mbili za kompyuta, tukaambiwa ahsanteni. Wenzangu waligawana viti na makabati ya chuma. Mimi niliomba ile kompyuta ya stoo ambayo haikuwaka. Walinicheka. Baba yako, unamjua Mchaga wa duka, aliizunguka mara mbili pale sebuleni kama anayekagua gari bovu, akauliza, "Sasa hiki kitatufanyia nini, mama Nembris?"

Nilimwambia sijui. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona ndani yake. Kitu kilichoninyang'anya kazi, nilitaka kukifungua kwa bisibisi.

Nikakifungua. Ulikuwa kidato cha pili, ukakaa pembeni yangu umenishikia tochi. Nilitoa vile vipande vya kumbukumbu, nikavisugua miguu yake kwa ufutio wako wa shule kama nilivyoelekezwa na fundi wa redio pale sokoni, nikavirudisha, ikawaka. Tulirukaruka wote wawili. Baba yako alitoka bafuni na povu kichwani akidhani kuna moto.

Baada ya hapo, wewe ni shahidi, mashine ilinitesa. Leo inaganda, kesho haitambui kinanda chake. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, nikalazimika kutafuta stabilaiza. Virusi vilikuja na diski ya flopi ya ratiba ya ibada, na mpaka leo yule katibu wa usharika hajakubali kwamba vilitoka kwake. Nikaagiza kadi ya sauti kutoka Nairobi, ikafika bila programu yake ya kuiendesha. Nikaenda kwenye duka la intaneti kuitafuta, nikaipata, nikaiweka kwenye flopi, nikafika nyumbani, flopi haisomeki. Nikarudi tena. Nikarudi tena. Wanawake wenzangu wa umoja wa akina mama walikuwa na bustani na kuku. Mimi nilikuwa na hiyo.

Lakini siku kadi ilipokubali, nikachomeka waya kutoka kwenye redio kaseti mpaka nyuma ya kompyuta, nikaona sauti ya marehemu babu yako ikipanda na kushuka kwenye kioo kama vilima, akiita ng'ombe wake. Nililia. Toka hapo nilihamisha kila kanda niliyoipata. Kwaya za Pasaka, harusi, hotuba ya mahafali. Na wimbo wa bibi.

Sasa nikueleze wimbo huo ulikotoka, kwa sababu nadhani nilikueleza nusu tu, na nusu hiyo ndiyo uliyompelekea Denis.

Kabla yangu mimi, bibi yako alikuwa na mtoto wa kwanza, mvulana, Anaeli. Mimi sikumwona. Bibi alikuwa kibarua wa kuchuma kahawa kwenye shamba la mlowezi huko bondeni. Siku moja Anaeli alishikwa na surua, homa ikapanda, mtu akatumwa kumwita mama yake. Msimamizi alikataa kumwachia mpaka kahawa ya siku hiyo ipimwe. Alipofika nyumbani, majirani walikuwa wameshamwosha mtoto kwa maziko.

Hakuniambia hayo kwa kunikalisha chini. Niliyajua kidogo kidogo, kwa sababu kulikuwa na wimbo aliokuwa akiuimba jikoni akimenya ndizi, peke yake, na mtu akiingia ananyamaza. Aliutunga mwenyewe. Si wa kanisani, wala si wa ukoo. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilinunua redio kaseti, nikaibeba mpaka Akheri, kijijini kwake, nikamwomba nimrekodi. Alifikiri sana. Akasema, "Rekodi. Lakini usiende kuwachezea watu. Huyu ni mtoto wangu, si kwaya."

Nikaahidi. Kanda ile nilikaa nayo miaka yote, imefungwa ndani ya kitenge. Hata baba yako hakuwahi kuisikia.

Wewe ulisikia. Hilo nalijutia na silijutii, sijui nikuambie vipi. Nilikuvalisha vile vidude vya masikioni, ukasikiliza umefumba macho, na machozi yakakushuka, wewe ambaye Kimeru chako ni cha kuombea maji. Siku ile nilikupenda kupita kiasi. Nikakuambia, "Huu hautoki humu ndani." Ukatikisa kichwa kukubali. Ulitikisa kichwa, Nembris. Nilikuona.

Halafu nikaenda Akheri kwenye msiba wa jirani, nikalala huko. Niliporudi ukaniambia mashine iliganda, kwa hiyo umempelekea Denis, yule rafiki yako uliyesoma naye, mwenye studio Sokoni One, na ameitengeneza bure. Bure! Nilifurahi. Nikasema kumbe bado kuna vijana wenye adabu mjini. Nikamtumia maparachichi, mfuko mzima, yale makubwa ya Akheri, na wewe ndiye uliyeyabeba. Ulitoka mlangoni umeubeba mfuko ule na hukusema neno. Katika yote uliyofanya, hilo la maparachichi ndilo linalonifanya nishindwe kumeza chakula.

Siku niliyosikia, nilikuwa mjini kukununulia shuka za chuo. Pale karibu na soko kuna kibanda cha muuza kanda mwenye spika mbili kubwa. Nilisikia ngoma kwanza, zile za kompyuta, zinazogonga tumboni. Halafu nikamsikia mama yangu.

Sikuelewa mara moja. Nilidhani ninaumwa. Sauti yake ilikuwa imekatwa kipande, pale anapopandisha kilio, ikarudiwa, ikarudiwa, kama kuku aliyekabwa shingo. Juu yake vijana wanachana mashairi ya pesa na wasichana na gari la kukodi. Wasichana wawili wenye sare za shule walikuwa wanacheza, mmoja anafungua mdomo kuigiza ule mlio. Anaigiza vizuri kabisa.

Nikamuuliza muuzaji, "Huyo mama anayelia ni nani?"

"Ah, hapo hakuna mtu, mama," akasema. "Ni sauti tu ya kompyuta. Nikupe moja? Hii ndiyo inayobamba sasa hivi."

Nilirudi nyumbani bila shuka. Unakumbuka nilivyokukuta, unakula mkate umesimama. Nilikuuliza swali moja tu, na hukunidanganya, hilo nakupa.

"Nilitaka Bibi asikike, mama," ukasema. "Hakuna mtu anayemjua. Sauti kama ile inakaa humu ndani inaliwa na vumbi."

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia. Lakini hata wewe ndiye uliyemrekodi."

Nikakupiga kofi. Hujawahi kupigwa kofi na mimi tangu umevunja ungo, na nilikupiga kwa sababu ulikuwa umesema kweli, na ukweli wako ulikuwa umejaa siagi mdomoni. Kofi hilo nakuomba radhi. Hasira siiombei radhi.

Kesho yake nilikwenda Sokoni One. Hukujua, baba yako pia hakujua. Nilidhani nitakuta jambazi. Nikakuta chumba kimebandikwa trei za mayai ukutani na magodoro mlangoni, na Denis amesimama haraka kunipisha kiti.

"Shikamoo mama. Ahsante kwa maparachichi."

Sikuitikia shikamoo yake. Mara ya kwanza maishani mwangu sijaitikia shikamoo ya mtoto wa mtu. Nilimwambia autoe wimbo huo, kila mahali ulipo, leo hii.

"Mama, haiwezekani," akasema, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. "Uko redioni. Watu wameshaukopi, hata mimi kanda nyingine naziona mitaani sijazitengeneza mimi. Siwezi kuurudisha."

"Na nani alikupa ruhusa?"

"Nembris alinipa. Mama, samahani, usinichukulie vibaya. Siku hizi ni soko huria. Kitu kizuri kikikaa kabatini kinamsaidia nani? Mimi nimemtoa Bibi kijijini."

"Nani alikuambia anataka kutoka?"

Aliinamia vitufe vyake. Ningeweza kuvivunja, mwanangu, mikono ilikuwa inawasha. Niliondoka nikaenda moja kwa moja kwenye hiyo redio, nikangoja nje mpaka mtangazaji akatoka, kijana mwingine mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba. Akaniuliza kama nina uthibitisho wa maandishi kwamba sauti ile ni ya mama yangu. Uthibitisho. Nilimwambia ninao, nilinyonya kwake. Alicheka, akaniambia mama una maneno, akaingia kwenye gari.

Hizo ndizo nyakati tulizonazo. Hapo zamani redio ilikuwa moja, na ilitunyima mengi, sisemi ilikuwa ya malaika. Lakini sasa kila mwenye waya mbili na trei za mayai anaweza kuchukua kilio cha mtu, na ukimfuata anakuamkia kwa heshima na kukueleza habari ya soko. Shirika langu liliuzwa kwa maneno hayohayo, na waliotuambia nao walikuwa na adabu kamili.

Siku iliyofuata nikapanda Akheri. Nilijua lazima nimwambie kabla hajaambiwa na mtu. Nilipanda kwa miguu kutoka Tengeru, sikutaka kufika haraka. Ule mteremko wote uliokuwa na kahawa tulipokuwa watoto umejaa nyanya sasa, mibuni imeng'olewa, kuna sehemu visiki viko juu ya ardhi mizizi imeangalia mbinguni. Njia nzima nilikuwa natunga maneno.

Nilimkuta ameketi mlangoni anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya redio," akasema.

Alikuwa ameshasikia. Binti wa jirani huwasha redio akifua, na bibi yako aliwahi kuusikia wimbo huo zaidi ya mara moja, ng'ambo ya ua, akiwa hapo hapo mlangoni na ungo wake. Hakumwambia mtu. Nikapiga magoti nikaanza kulia na kumwomba msamaha, nikimtaja Denis, nikikutaja wewe, nikitaja redio, yote kwa mkupuo.

"Nyamaza," akasema. "Sauti yangu haiumi. Mimi ni mzee, waache wacheze. Wewe niambie kitu kimoja. Anaeli yuko wapi?"

Sikumwelewa.

"Wamemtoa mtoto," akasema. "Mimi naanza kwa kumwita. Namwita kama anachezea migombani na giza linaingia. Halafu ndipo nalia. Nikimaliza namwita tena. Huko redioni hakuna anayeitwa. Watu wananisikia nalia tu, hawajui namlilia nani. Kama mlevi, mwanangu. Wamenifanya kama mlevi njiani."

Nembris, hasira niliyokuwa nayo kabla ya hapo ilikuwa ya mchezo. Nilisimama nikamwambia ni yule kijana, yule prodyuza wa Nembris, ndiye aliyelikata jina, kwa sababu halikuingia kwenye ngoma zake. Nikamwapia kwamba mimi ninao wimbo mzima nyumbani, safi, na nitamletea ausikie wote na Anaeli wake ndani. Niliteremka mlima karibu nakimbia.

Nilipofika hapa niliwasha kompyuta hata bila kuvua viatu. Ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha. Ikafunguka, nikacheza faili.

Haina jina.

Inaanza na kilio. Nikadhani nimekosea, nikacheza tena. Nikaenda mwisho. Inaishia kwenye kilio. Nilikaa hapa, kwenye kiti hiki, nikakumbuka kilichotokea, na nilikikumbuka vizuri kwa sababu wakati ule nilijisifia.

Unajua diski ya mashine hii ilivyo ndogo. Sauti inakula nafasi. Kila kanda niliyohamisha nililazimika kuikata, natoa kikohozi, natoa kuku, natoa ukimya, ili nyingine ipate pa kukaa. Kwenye kanda ya bibi, mwanzoni kulikuwa na kuku, na mlango, na mtu anaita. Mwishoni vivyo hivyo. Nilivuta kipanya, nikaweka rangi sehemu hiyo, nikafuta. Niliona ni kelele. Mama yangu anamwita kaka yangu, na mimi, mtoto wake, niliyeinyonya lugha hiyo na maziwa yake, nikaona ni kelele za kabla ya wimbo. Nilikuwa naangalia vilima kwenye kioo. Sikuwa nasikiliza.

Na kanda yenyewe? Ulikuwepo. Ile redio kaseti ya zamani iliitafuna nilipokuwa nairudisha nyuma, tukatoa utepe wote umejikunja kama matumbo ya kuku, nawe ukahuzunika, na mimi nikakuambia usijali, tunayo kwenye kompyuta. Nikautupa.

Kwa hiyo Denis hakulikata jina. Alipokea wimbo ambao mimi nilishaukata. Sijui kama unaelewa jinsi ilivyo kumchukia mtu kwa moyo wako wote na kukuta katika lile kosa kubwa kuliko yote hana hatia, mwenye hatia ni wewe. Sikulala. Kwa siku kadhaa sikuweza kumwangalia mtu yeyote humu ndani, na wewe ulidhani ninakununia. Nilikuwa nakununia pia.

Mwishowe nilirudi Akheri. Hii safari ulidhani nimekwenda kikao cha usharika. Nilimwambia bibi kila kitu, namna mashine inavyofanya kazi, namna nilivyofuta. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Kwa nini ulikata?" akauliza.

"Nafasi ilikuwa ndogo, mama."

"Nafasi," akasema.

Basi. Alilitamka neno hilo kama anayelionja, akalitema. Laiti angenitukana.

Nilikuwa nimebeba redio kaseti ya baba yako, mpya, na kanda mpya. Niliitoa, nikamwomba auimbe tena, mara moja tu, wote, na safari hii sitagusa hata kuku. Aliisogeza kwa fimbo yake, polepole, mpaka ikafika ukingo wa kibaraza.

"Mashine siiimbii tena," akasema. "Nembris anaondoka lini?"

Nikamwambia.

"Aje. Nitamwimbia. Aje peke yake, mikono mitupu."

"Na mimi, mama?"

"Wewe ulishausikia," akasema.

Nina umri mkubwa, Nembris, nimezika baba yangu, nimefukuzwa kazi, nimelea. Nilitoka pale nalia kama mtoto aliyenyimwa. Na nitakuambia kitu cha aibu. Nilikuonea wivu. Wewe ndiye uliyemwibia, na bado anakuita wewe. Nilishuka mpaka Tengeru nikiwa nimekukasirikia upya, kwa sababu hiyo tu, na ndiyo maana ile jioni nilikufokea kwa ajili ya sahani.

Nimekuambia mara tatu upande ukamuage bibi. Mara tatu umekuwa na maandalizi. Najua unaogopa. Unadhani atakulaani. Mimi sikukuambia alichosema, kwa hasira zangu, kwa sababu nilitaka uende kwa kuogopa, uteseke kidogo njiani. Huo ndio ukweli na si mzuri. Sasa nimekuambia.

Unakwenda kusomea utangazaji. Nilifurahi ulipochaguliwa na sasa nikifikiria naogopa. Watakupa maiki, na watakupa mashine nzuri kuliko hii, yenye nafasi hata ya kuwekea kuku wote wa Meru. Watakufundisha kukata. Utakuwa hodari wa kukata, una masikio, tangu mdogo una masikio. Sina la kukufundisha katika kazi hiyo zaidi ya nililolifanya mimi, na hilo nimekuandikia hapo juu kama lilivyo. Mtu akikuambia usitoe kitu, na wewe ukaona kwamba unamfanyia wema kukitoa, kumbuka maparachichi. Na ukikaa mbele ya kioo ukaona sehemu inayoonekana kama haina maana, vaa vidude vya masikioni usikilize, usiangalie. Siwezi kusema zaidi, nikisema zaidi nitaanza kuhubiri, na mimi sina pa kusimamia.

Denis pia nimekutana naye tena. Nilimpelekea habari kwamba lile jina hakulikata yeye, nililikata mimi. Sikumwomba radhi kwa mengine. Aliniuliza jina lenyewe ni nani. Nikamwambia halimhusu. Akasema sawa mama. Alionekana mdogo sana, ana chunusi, sikuziona mara ya kwanza. Lakini wimbo bado unapigwa, wiki hii nimeusikia mara nne, na kila mara nataka kurusha jiwe.

Sasa sikiliza. Tiketi yako baba ameibadilisha. Hutapandia stendi ya mjini, utapandia Tengeru, basi linapita pale na dereva ameshaambiwa. Alfajiri baba atatupeleka sisi wawili na mabegi mpaka chini ya mlima. Yeye anajua tu kwamba unakwenda kumuaga bibi. Kutoka hapo utapanda peke yako. Simu ya mkononi aliyokununulia utaiacha kwangu, na saa pia, na hata kalamu usichukue. Ukifika mwamkie, halafu usimwombe msamaha haraka haraka kama nilivyofanya mimi, utamchosha. Kaa chini. Kimeru chako kibovu hicho hicho kitatosha. Atamwita Anaeli, na wewe utakuwa mtu wa pekee aliye hapo wa kuitika au kutoitika, sijui huwa inafanywaje, mimi nilikuwa nimeshika mashine.

Mimi nitakuwa barabarani nalinda mabegi yako. Ukishuka nitakuangalia usoni, nitakufunga khanga vizuri, nitakupandisha kwenye basi. Usiniambie alivyoimba. Nitakuuliza, najijua, nitakuuliza mpaka konda apige mlango. Usiniambie.

Mama yako,
ambaye bado amekasirika.